Kutoka Kiti cha Meya hadi Kizuizini
(Hotuba iliyosomwa Subukia)



Pengine mnajiuliza kwa nini sisi wakulima wa Subukia tukae kitako kuzungumza habari za mbunge wa Starehe. Sababu ni mstari wa 1988, na tutaufikia.

Marehemu Charles Rubia hakuwa mtu wa pembeni. Mwaka 1962 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, mji ambao wakoloni waliugawa mitaa kwa rangi ya ngozi. Alikikalia kiti hicho hadi 1967. Mwaka 1969 Starehe ikampeleka Bungeni. Akawa waziri msaidizi chini ya Mzee Kenyatta na waziri kamili chini ya Rais Moi. Wala hatumtakasi kupita kiasi: Bunge lilipoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, Juni 1982, naye alikuwa mbunge.

Lakini mwaka 1986 uliletwa mswada wa kuwaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao. Rubia akasimama akaupinga. Mkaguzi awezaye kufutwa kwa neno la mtu mmoja, atathubutu kufungua daftari la nani? Mwaka huohuo Kanu ilileta kura ya mlolongo. NCCK na Maaskofu Wakatoliki wakaikataa waziwazi.

Hawakusikilizwa. Sisi tuliokuwa watu wazima Februari 1988 twakumbuka tulivyopangwa kiwanjani nyuma ya picha za wagombeaji, Mkristo akimpa mgongo Mkristo mwenzake, huku kila jicho likiona nani kasimama wapi. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Mstari mfupi ukaitwa mrefu. Na watu wakiisha kutawanyika, hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabiwa upya! Ndivyo Rubia alivyopoteza kiti chake.

Tarehe 3 Mei 1990, yeye na Kenneth Matiba walidai vyama vingi hadharani. Tarehe 4 Julai, siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba walioutaka Kamukunji, wakawekwa kizuizini bila mashtaka. Rubia angali humo, Bunge likarudisha ulinzi ule alioutetea, na Desemba 1990 Kanu ikautupa mlolongo. Mwenye kuonya alikuwa ndani, onyo lake likitekelezwa nje. Aliachiliwa Aprili 1991, afya imedhoofika. Bungeni hakurudi tena. Alifariki Desemba 2019.

Subukia nayo, mwaka 2002, ilimchagua Koigi wa Wamwere, aliyeonja kizuizi hichohicho, kwa kura ya siri.

Wazee mliosimama katika mstari ule, twawaomba msiondoke upesi. Nendeni na vijana kiwanjani mkawaonyeshe mahali penyewe, na mwaseme mlihesabiwaje.