Mto Athi na Mawe Yauongozayo



Wazee wetu walisema kwamba maji hufuata mkondo. Leo nataka tuulize, je, mkondo wenyewe huchorwa na nini? Jawabu ni mawe yaliyo chini ya miguu yetu, pamoja na nguvu ziinuazo na kushusha nchi.

Tuutazame Mto Athi. Nchi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa, kingo zake ziliinuka. Mvua inyeshayo upande wa magharibi wa Ngong huteremkia bondeni, wala haifiki baharini. Inyeshayo upande wa mashariki huingia Athi, ikaenda mpaka Bahari ya Hindi.

Yapata miaka milioni 13 iliyopita, zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilitiririka katika bonde la mto wa kale, ikalijaza, kisha ikapoa ikawa mwamba mgumu. Maji yakakosa njia yao, yakaanza kula kingo za pembeni zilizokuwa laini zaidi. Baada ya dahari nyingi, palipokuwa bonde pakawa mgongo wa mlima. Huo ndio mwinuko wa Yatta, wenye urefu wa kilomita 300 hivi, na Athi hata leo hupita ubavuni mwake.

Kusini ya hapo ipo Milima ya Chyulu. Mawe yake ni ya volkano na yana matundu mengi, hata mvua huzama yote, wala huoni mto juu yake. Maji hayo hutembea chini kwa chini, yakatokea katika chemchemi za Mzima. Kutoka hapo huingia Mto Tsavo, nao huungana na Athi, ukaitwa Galana, na karibu na Malindi ukaitwa Sabaki. Tangu miaka ya 1950, bomba huchukua sehemu ya maji ya Mzima mpaka Mombasa.

Basi, mtu akataye msitu wa Chyulu hudhani hakudhuru mto wowote, kwa kuwa haoni mto. Kumbe ajazaye ndoo bombani Mombasa hunywa mvua ile ile. Na mkulima wa Ukambani asiyechimba matuta huona udongo wake ukienda kuchafua bahari ya Malindi.

Mawe hatuwezi kuyageuza. Lakini misitu na udongo vimo mikononi mwetu, na tuvitunze.