Kolera, maji, na sisi tuliorudi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wanachama, Mulungwishi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Kamati iliniomba niseme juu ya vijidudu vya magonjwa: namna vinaingia mu mwili, na namna watafiti wanavijua wakati jicho haliwezi kuviona. Vijidudu ni vingi. Mimi nitasema kimoja tu, kile cha kolera, kwa sababu ndicho kinachotuletea maneno na majirani. Munayajua maneno yenyewe. Mutu akianza kuhara mu mutaa, tunasikia: "Ni hawa waliorudi. Wameleta kolera ya Zambia." Na kwa kuogopa neno lile, mama anaficha mutoto wake mu nyumba siku mbili, pahali pa kumupeleka ku lopitali. Kwa kolera siku mbili ni nyingi sana. Mara nyingi siku moja inatosha kuzika.

Tuanze na kijidudu chenyewe. Wataalamu wanakiita Vibrio cholerae. Kimepinda kidogo kama alama ya koma mu daftari la mutoto wa masomo, kina mukia mumoja, na ukikitazama mu mikroskopi kinapita mbio kama mbu. Mutu anakimeza pamoja na maji ao chakula. Ku tumbo, asidi inaua sehemu kubwa. Ndiyo maana mutu mwenye afya hashikwi na tone dogo, lazima ameze vijidudu vingi sana. Lakini mutoto aliyedhoofika kwa njaa ana asidi kidogo, anashikwa upesi. Vinavyopona vinashuka mu utumbo mudogo, vinaogelea kupenya ule ute, vinajishika ku ukuta kwa nyuzi ndogo. Hapo wengi wetu tunafikiri vinakula matumbo. Hapana. Havitoboi kitu, wala haviingii mu damu. Vinakaa palepale na kutoa sumu.

Ile sumu inaingia mu chembe za ukuta wa utumbo na kufungua robine. Chembe zinaanza kusukuma chumvi nje, na maji yanafuata chumvi, hayaachi. Mutu mukubwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Yanatoka kama maji ya kuoshea muchele. Macho yanaingia ndani, sauti inapotea, ngozi ya mukono ukiivuta inabaki imesimama. Mutu anakufa kwa kukauka, na utumbo wake bado uko muzima.

Walijuaje hayo? Haikuwa upesi. Mutaliano mumoja, Filippo Pacini, alikiona kijidudu mu mikroskopi ku Florence mwaka 1854, hakuna mutu aliyemusikiliza. Robert Koch, Mujerumani, alikifuata mpaka Misri, kisha Calcutta ku India, na 1884 akatangaza kwamba ndicho kinacholeta kolera. Lakini Koch alipojaribu kugonjesha wanyama, mara nyingi walikataa kugonjwa, na bila munyama ilikuwa vigumu kuona ugonjwa unavyofanya kazi. Miaka mingi ikapita. Halafu Sambhu Nath De, munganga wa palepale Calcutta, mwenye laboratware isiyokuwa tajiri, akachukua sungura, akafunga kipande cha utumbo wake kwa uzi huku na huku, akaweka vijidudu ndani. Kipande kikajaa maji, kikavimba. Mwaka 1959 akaonyesha jambo kubwa zaidi: alichuja ile supu ya vijidudu mpaka hakibaki hata kimoja, akaweka maji yaliyochujwa tu, na utumbo ukajaa vilevile. Basi kazi ilikuwa ya sumu. Mimi nampenda sana huyu De. Uzi, sungura, na swali moja zuri.

Kama utumbo ni muzima, kuna mulango mwingine unaofanya kazi. Sukari ikipita mu ukuta inavuta chumvi pamoja nayo kurudi ndani, na maji yanafuata. Sumu haiwezi kuufunga mulango huo. Hapo ndipo inatoka ile dawa ya pakiti tunayokoroga. Na mujue nani waliithibitisha: wakimbizi. Mwaka 1971 watu wa Bangladesh walikimbilia India, kolera ikawapiga mu kambi, serumu za mushipa zikaisha. Munganga Dilip Mahalanabis akaamuru wakoroge chumvi na sukari mu mapipa, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Vifo, vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Pakiti ikikosekana mu nyumba: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni kwa kijiko cha kukwangua juu, musipime kwa mukono, maana chumvi ikizidi inadhuru. Na huku munakoroga, mutu mwingine awe amekwisha kutafuta njia ya lopitali.

Sasa lile neno la majirani. Nitajibu bila kutupendelea.

Ni kweli kwamba kolera inasafiri na watu. Mwaka 2017 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kusoma urithi wa vijidudu zaidi ya 1,000, vilivyokusanywa mu inchi 45 za Afrika kwa muda wa miaka 49. Kusoma urithi ni kama kusoma majina ya mababu: unaona nani ni mutoto wa nani. Waliona kwamba vijidudu hivi vyote ni ukoo mumoja, na kwamba ukoo huo uliingia Afrika kutoka Asia angalau mara 11 tangu 1970. Kwa hiyo mutu asiseme kolera inazaliwa tu mu udongo wa pahali fulani. Inabebwa. Lakini inabebwa na nani? Wengi wanaoingiliwa na kijidudu hiki hawagonjwi, ao wanahara kidogo tu, na bado wanakitoa ku choo siku kadhaa. Mufanya biashara wa samaki anayetoka Bukama anaweza kukibeba. Mutu wa treni, dreva wa lori la makala, mwanafunzi anayerudi kutoka likizo, na mimi ninayesema hapa. Hakuna atakayeonekana.

Tena, kolera ilifika mashariki ya inchi yetu tangu miaka ya 1970, mbele ya wengi wetu kukimbia. Profesa Didier Bompangue na wenzake walipanga hesabu za wagonjwa, sehemu kwa sehemu, na wakaona jambo: ku maziwa, kama Kalemie ku Tanganyika na kule Upemba, ugonjwa haukomi, miji ya mbali na maziwa inapigwa, kisha inapoa, kisha inapigwa tena. Likasi na Lubumbashi zilipigwa hivyo mwanzo wa 2008. Na Goma, Julai 1994, wakimbizi karibu 50,000 walikufa kwa mwezi mumoja, wengi kwa kuhara. Walikunywa maji ya ziwa, na ule udongo wa mawe ya volkano haukubali kuchimbwa choo. Maji na choo viliwaua kuliko safari.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka Uvira. Watafiti walichukua daftari mbili ambazo hakuna mutu aliyefikiria kuziweka pamoja: ile ya kiwanda cha maji, inayoandika kila siku maji mangapi yametumwa mu muji, na ile ya kituo cha kolera, inayoandika wagonjwa wangapi wameingia. Wakazilinganisha siku kwa siku, 2009 mpaka 2014. Robine zikikauka siku moja, mu siku 12 zinazofuata wagonjwa wanazidi mara mbili na zaidi. Watu ni walewale wa muji. Maji yalikatika tu, wakaenda kuteka ku muto na ku ziwa.

Neno moja la mwisho juu ya kijidudu. Mu Bangladesh watafiti walilinganisha vijidudu vilivyotoka sasa hivi mu mwili wa mugonjwa na vilevile vilivyolelewa mu laboratware, wakavipa panya wadogo. Vile vilivyotoka mu mutu vilikuwa na nguvu zaidi kwa mbali ya kushika tumbo jipya, na nguvu hiyo inadumu saa kadhaa. Inaweza kuwa sababu moja kolera inapiga nyumba moja watu watatu, wanne. Anayefua shuka za mugonjwa halafu anasonga bukari bila kunawa kwa sabuni, yuko mu hatari kuliko mutu wa mutaa wa pili.

Kwa hiyo ombi langu ku chama. Mu sanduku letu, feza nyingi zinatoka kwa ajili ya matanga. Sisemi tuache kuzika watu wetu kwa heshima. Nasema mbele ya mvua ya Novemba tutoe sehemu moja, na marafiki wa mbali watuongezee, tufanye haya: klore na mutu wa kuipima asubuhi pale watu wanapoteka maji, mabidoni yenye robine kwa nyumba zenye watoto wadogo, na pakiti za chumvi na sukari kwa bamama wawili kila mutaa. Klore itiwe mu bidoni ya kila mutu, awe wa chama ao asiwe. Jirani anayetulaumu anateka pahali pamoja na sisi.

Na mu nyumba ya mwanachama wetu mutu akianza kuhara maji, kamati ije siku ile ile, imusindikize ku lopitali mbele ya macho ya watu wote, muchana, bila kujificha. Kule watachukua kipande cha pamba chenye choo chake, na laboratware itasema kama ni kolera ao hapana. Jibu hilo litusomewe hapa, hata kama halitupendezi.

Basi nimemaliza. Mama wa nyuma pale aliinua mukono toka mwanzo, tumusikilize.