Pasipoti Hufa Kabla ya Tarehe Yake

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Mwese)



Leo tutazungumza juu ya safari za nchi za nje. Naona wengine mnacheka. Mtu akisikia neno pasipoti anadhani ni mambo ya wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam. Eti mkulima wa mahindi ana safari gani ya nje?

Haya, tutazame hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 walifika Mwese ndugu wengi kutoka Rwanda. Walikuja wakiwa wakimbizi, wakapewa ardhi, wakalima. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 waliokuwa nchini. Leo watoto na wajukuu wao ni majirani zetu, na jamaa zao wako Kigali, Kampala na kwingineko. Kule Katumba na Mishamo wapo ndugu walioingia kutoka Burundi kuanzia mwaka 1972, na zaidi ya 160,000 kati ya watu hao wa 1972 wamepewa uraia wa Tanzania. Tukishuka ziwani, Karema na Ikola, tunakuta watu wenye shemeji na wajomba Kalemie na Moba, upande wa Kongo. Basi safari ya nje kwetu si anasa. Ni harusi, ni kumwona mgonjwa, ni msiba. Na wale wenye kuweka akiba miaka mingi ili waende Makka, nao wamo.

Pasipoti, ambayo wengine huiita pasi ya kusafiria, ni kitabu kidogo cha serikali. Kinasema wewe ni nani na ni raia wa nchi gani. Ndani yake, kwenye ukurasa wenye picha yako, kuna tarehe mbili. Tarehe ya kwanza ni siku kilipotolewa. Tarehe ya pili ni siku muda wake utakapokwisha. Watu wengi huitazama hiyo ya pili, wakasema, "Bado ina miezi minne, naweza kwenda." Hapo ndipo wanapokwama.

Sikilizeni vizuri. Nchi nyingi hazitosheki na pasipoti ambayo haijaisha. Zinataka iwe na uhai wa miezi sita zaidi. Rwanda, Uganda, Kenya na Saudi Arabia zimeweka sharti la namna hiyo kwa wageni. Maana yake ni kwamba pasipoti inayokwisha mwezi wa Septemba, kwa safari ya nchi kama hizo, imekwisha kufa tangu Machi. Bado iko sandukuni, haijachanika, picha yako inang'aa, lakini kwa safari haikusaidii.

Mtauliza, kwa nini? Sababu yenyewe si ngumu. Mgeni anasema anakaa majuma mawili. Lakini mgeni huyo anaweza kuugua akalazwa, au gari likaharibika, au vita vikafunga njia. Siku zinapita, pasipoti inakwisha akiwa ndani ya nchi ya watu. Sasa yuko ugenini na hana karatasi halali ya kumrudisha kwao. Nchi ile haitaki mzigo huo, kwa hiyo inadai nafasi ya ziada mapema. Mimi naona miezi sita ni mingi kwa mtu anayekwenda harusini siku 5. Lakini sheria ya mwenye nyumba huibadilishi ukiwa mlangoni.

Tuchukue mfano ubaoni. Tuseme mama mmoja wa hapa Mwese amealikwa harusi ya binti wa dada yake, Kigali. Anataka kuingia Rwanda tarehe 12 Juni 2028 na kutoka tarehe 25 Juni 2028. Pasipoti yake inakwisha tarehe 10 Septemba 2028. Akiitazama harakaharaka anaona bado miezi miwili na nusu baada ya kurudi. Anafurahi. Ananunua vitenge, anafunga mzigo.

Sasa tuhesabu. Kutoka 12 Juni, hesabu miezi sita kwa vidole: Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Tunafika 12 Desemba. Pasipoti imeishia 10 Septemba. Imepungua miezi mitatu na siku mbili. Mama huyu anaweza kutoka Mwese, akafika Mpanda, akapanda gari la Tabora, akapita Nzega na Kahama, akafika darajani Rusumo amechoka na vumbi, halafu afisa wa upande wa pili akafungua ukurasa wa picha na kumrudishia kitabu chake. Nauli imekwenda. Harusi itafungwa bila yeye. Wala afisa yule hakumwonea. Amesoma tu kilichoandikwa. Na mama naye angeweza kukisoma akiwa nyumbani, maana kusoma sasa anajua.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu ambayo naipenda zaidi. Anzia tarehe ya mwisho ya pasipoti, rudi nyuma miezi sita. Septemba, rudi Agosti, Julai, Juni, Mei, Aprili, Machi. Unapata 10 Machi 2028. Tarehe hiyo iandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya kitabu. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwa umesharudi nyumbani. Nchi nyingine huhesabu kuanzia siku unapoingia, nyingine kuanzia siku unapotoka. Wewe hesabu kuanzia siku ya kutoka, utakuwa salama kote.

Angalieni pia jinsi mwezi unavyoandikwa. Katika pasipoti nyingi duniani mwezi huandikwa kwa herufi tatu za Kiingereza. AUG ni Agosti. OCT ni Oktoba. MAY ni Mei. Yenye hatari ni JUN na JUL, kwa sababu zinatofautiana herufi moja tu. JUN ni Juni, mwezi wa sita. JUL ni Julai, mwezi wa saba. Mwenye macho mazito amwombe mjukuu, lakini yeye mwenyewe aweke kidole juu ya herufi ile ya mwisho.

Si kila nchi inadai miezi sita. Uingereza inataka pasipoti iwe hai muda wote utakaokuwa kwao. Nchi za Ulaya zenye mkataba wa Schengen, kama Ujerumani na Ufaransa, zinataka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, tena pasipoti isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 nyuma. Mwenye mtoto anayesoma huko aulize kwanza ubalozi unaohusika. Sisi turudi kwa majirani.

Hapa lazima niseme jambo moja juu ya kitambulisho. Ndugu zenu wa Kigali wanaweza kuwaambia, "Sisi tunakwenda Kampala na Nairobi kwa kitambulisho tu." Wanasema kweli. Mwaka 2014 Rwanda, Uganda na Kenya zilianza utaratibu huo kwa raia wao. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Kwa hiyo usichukue kitambulisho chako cha Taifa ukafunga safari kwa sababu binamu alifanya hivyo. Yeye ana ruhusa ya nchi yake, wewe fuata ya nchi yako. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ni moja, na Kongo nayo imeingia mwaka 2022, lakini karatasi za mpakani bado hazijawa moja.

Kuna tarehe nyingine inayowachanganya watu, nayo ni ile ya muhuri. Ukiingia nchi ya watu, afisa hugonga muhuri na kuonyesha siku ulizoruhusiwa kukaa. Katika nchi za Jumuiya, raia wa nchi mwenzake anaweza kuruhusiwa kutembea hadi miezi sita. Lakini usidhani ni lazima upewe yote. Soma muhuri wako pale pale dirishani, kabla hujaondoka. Kama umepewa siku 30, ni siku 30, hata kama pasipoti yako ina miaka saba mbele. Tarehe ya kitabu ni ya kitabu, na siku za muhuri ni za kukaa kwako.

Na ninyi wa ziwani nawaambia hivi. Kuvuka usiku na mtumbwi wa wavuvi mnakufahamu kuliko mimi. Lakini ukishuka ufukweni bila muhuri, huna cha kuonyesha kwamba uliingia kwa halali. Ukikamatwa, hata pasipoti nzuri haisemi chochote juu ya safari ile. Tena Kongo wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. Kadi hii ina tabia yake. Inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa sindano, kwa hiyo usichanjwe leo ukasafiri kesho. Lakini tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi hiyo haiishi muda. Ni ya maisha. Itunzeni. Panya wa Mwese wanapenda karatasi.

Sasa, pasipoti ikikaribia kwisha unafanyaje? Haiongezwi muda kwa kugongwa muhuri. Unaomba kitabu kipya. Pasipoti tunazotumia sasa ni za kielektroniki, zilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, na ndani yake mna kidude kidogo kinachohifadhi habari zako. Ya mtu mzima hudumu miaka 10. Mwenye ile ya zamani asijidanganye kwa tarehe yake: serikali ilitoa miaka miwili ya kubadilisha, na tangu mwisho wa Januari 2020 zile za zamani ziliondolewa, hata zilizokuwa na miaka iliyobaki.

Ada iliyotangazwa zilipozinduliwa ni shilingi 150,000. Kwa mkulima hizo ni fedha nzito, sitaki kusema uongo. Ukizigawa kwa miaka 10 ni shilingi 15,000 kwa mwaka, na ule mwaka wa mwisho nusu yake haikufai. Ndiyo maana siwashauri wote mkimbilie kuomba kesho. Anayejua ana mama mzee Bujumbura, huyo aombe mapema, kwa sababu msiba hausubiri fomu. Kwa jambo la ghafula ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo ni ya bei ndogo na ya muda mfupi. Si kila nchi inaipokea, kwa hiyo uliza Uhamiaji kabla ya kulipa, na utaje nchi unayokwenda.

Fomu hujazwa kwa intaneti. Wengi mtakwenda kwa kijana mwenye kompyuta pale Mpanda mjini, atawajazia. Sawa, lakini msikae kwenye benchi mkimsubiri. Simama nyuma yake usome. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho cha Taifa, herufi kwa herufi. Kama huku ni Ntahondi na kule ni Ntahonde, utarudishwa. Utahitaji pia vyeti vya kuonyesha uzazi na uraia wako. Kwa familia zilizopata uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba na kupewa, cheti kile cha uraia ndicho mzizi wa kila kitu. Nimeona vyeti vya namna hiyo vimekunjwa mara nane na kuwekwa chini ya godoro. Fungueni mkeka, vitoeni, viwekeni ndani ya mfuko wa nailoni. Mzee akifariki, asifariki na siri ya mahali kilipo.

Na neno moja kwa vijana wenye jamaa Rwanda. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukikubali pasipoti ya nchi nyingine kwa sababu njia ya kuipata ni fupi, unahatarisha uraia wako wa hapa. Chagueni mkiwa mnajua.

Nimeona mikono imeinuliwa, tutajibu maswali baada ya kupumzika. Kwanza andikeni hesabu hii kwenye madaftari. Mzee mmoja ana pasipoti yenye tarehe ya mwisho 28 JUL 2028. Anataka kuingia nchi ya jirani tarehe 20 Januari 2028 na kutoka tarehe 2 Februari 2028. Hesabuni miezi sita kutoka siku ya kuingia, halafu hesabuni tena kutoka siku ya kutoka. Majibu hayatafanana. Semeni mzee huyo afunge safari, au aende kwanza Uhamiaji Mpanda, na mniambie kwa nini.