Heshima Inayomkalisha Mzee





Katika nyumba nyingi za vijijini huku Uganda, bibi akiinuka kwenda kuchota maji, mjukuu hukimbia kumpokonya ndoo. Akishika jembe, mwanawe humwambia, "Keti, Jjajja, umekwisha fanya kazi ya kutosha." Akitaka kusimama kumlaki mgeni, mgeni mwenyewe humzuia. Hayo yote ni adabu njema, na mji ulioyaacha ni mji ulioharibika. Walakini adabu hiyo ina upande wa pili usiotazamwa. Mzee akalishwaye asubuhi, akakalishwa adhuhuri, akakalishwa na jioni, hufika siku akataka kuinuka mwenyewe na miguu isimwitikie. Hapo watu husema uzee umemfika. Yamkini si uzee uliomfika, bali ni mkeka.

Umri hupunguza nguvu, na hapana dawa ya kuuzuia. Lakini madaktari wamepambanua mambo mawili ambayo zamani yalichanganywa: udhaifu uletwao na miaka, na udhaifu uletwao na kukaa. Ule wa kwanza haurudi nyuma. Wa pili hurudi. Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa khabari za wazee 10 wa umri wa miaka 90 hivi, watu dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee hao walizoezwa kuinua uzito kwa miguu yao kwa muda wa majuma 8 tu, na nguvu za mapaja yao kwa wastani zikazidi maradufu. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza kurudishiwa nguvu kiasi hicho, basi yule wa miaka 65 aliyekwisha kabidhiwa bakora na kiti barazani amekatiwa tamaa mapema mno.

Ni kwa ajili hii limekuja shauri la kuanzisha madarasa ya mazoezi ya afya kwa wazee, bila malipo, katika viwanja vya madrasa na chini ya miembe ya vijiji. Shauri hili si la kuiga watu wa mijini. Mfano wake upo karibu. Mwaka 2025 zilienea khabari za akina mama wa kijiji cha Kivubuka, wilaya ya Jinja, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambao walikuwa wakikutana kila juma kucheza kriketi kwa ajili ya afya zao, wakifundishwa na watu waliojitolea. Jinja ni nchi ya kriketi tangu zamani kwa sababu ya shule ya Mwiri, lakini nani alitazamia kwamba gongo lile lingeshikwa na mabibi wenye wajukuu? Walianza wachache, wakazidi. Waliohojiwa walisema viungo vyao vimelegea maumivu, na tena kwamba wamepata saa moja ya kucheka na kusahau mizigo ya nyumbani. Hilo la pili lisidharauliwe. Mzee wa kijijini aweza kupitisha juma zima asizungumze na mtu wa rika lake, ila msibani.

Si lazima iwe kriketi. Darasa lifaalo halihitaji chombo chochote isipokuwa kiti madhubuti kisicho na magurudumu wala mguu mbovu. Mzee hukaa kitini, akakunja mikono kifuani, akainuka bila kujisukuma. Akaketi tena pole pole bila kujiangusha. Siku ya kwanza mara 3 zatosha, baada ya mwezi mara 10. Kisha hushika mgongo wa kiti na kusimama kwa ncha za vidole. Kisha husimama kwa mguu mmoja huku mkono ukiwa karibu na kiti. Kisha hutembea juu ya mstari uliochorwa mchangani, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. Mambo haya yaonekana kama mchezo wa watoto, na wako watakaocheka. Na waende wakajaribu wao kwanza kusimama kwa mguu mmoja kwa muda wa kuhesabu hadi 30.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2019 yalikusanywa majaribio 108 kutoka nchi 25, juu ya watu wa miaka 60 na zaidi waishio majumbani mwao, na ikaonekana kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo nzima. Na yaliyofaa zaidi ni hayo ya kusimama sawasawa na ya kuinuka. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 liliwashauri wazee wajizoeze kwa kiasi kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila juma, na mazoezi ya kutengemaa mwili yawe siku 3 au zaidi. Dakika 150 si nyingi; ni kama nusu saa kwa siku 5.

Na kuanguka si jambo dogo. Kwa hesabu ya Shirika hilo hilo, watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuanguka, na wengi wao ni wenye miaka zaidi ya 60. Kijijini hesabu hiyo ina sura yake. Bibi huteleza njiani kutoka kisimani wakati wa mvua, au usiku akienda chooni. Nyonga huvunjika. Hospitali iwezayo kuitengeneza iko mbali, gari ni la kukodi, na ng'ombe huuzwa. Tena huku Uganda wako mabibi wengi waliozika watoto wao na kubaki na wajukuu yatima wa kulea. Bibi wa namna hiyo akilala kitandani miezi 3, hakulala yeye peke yake. Mjukuu mkubwa huacha shule akampikia; wadogo huenda kugawanywa kwa jamaa. Nyumba nzima ilikuwa imesimama juu ya miguu miwili ya kizee mmoja, na hapana aliyeitunza miguu ile.

Katika jambo la ibada, sheria ni nyepesi. Asiyeweza kusali kwa kusimama na asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa na asali kwa ubavu. Hii ni rukhsa, wala haifai kumtazama mzee aliyeketi safuni kana kwamba amepungukiwa na kitu. Lakini rukhsa ni ya asiyeweza, na wazee wenyewe ndio wasemao kwamba siku waliyoacha kusujudu juu ya ardhi ilikuwa siku ya majonzi. Wengi wao hawakuizuiwa sijida na ugonjwa. Waliogopa tu kwamba wakishuka hawatainuka. Mtu akizoezwa kushuka na kuinuka, khofu hiyo humwondokea. Na kwa kuwa hapa ni mahali pa kusema kweli, tusifiche: choo cha shimo nacho chahitaji kuchutama na kuinuka, na ziko aibu ambazo wazee huzinyamazia kwa miaka.

Wako wenye kusema kwamba mkulima hana haja ya mazoezi, kwani jembe lamtosha. Neno hili ni kweli kwa nusu. Mzee ambaye bado analima, anatembea sokoni na kubeba kuni ana nguvu ambazo tajiri wa mjini hanunui. Lakini jembe huinamisha mgongo. Halimfundishi mtu kujizuia asianguke anapojikwaa. Na khasa wanaokusudiwa hapa ni wale ambao jembe limekwisha ondoshwa mikononi mwao.

Wengine huona haya juu ya wanawake. Haya ni katika imani, na haikupuuzwa. Wanawake wawe na siku yao na kiwanja chao kilichositirika, nguo zao zile zile, na mwalimu mwanamke. Tangu mwaka 2001 Uganda imekuwa na wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini, na miongoni mwao wako wanawake wawezao kujifunza mazoezi haya kwa siku chache. Ama kusema kwamba mwendo na mchezo haumpendezi mtu mzima, mwenye kusema hivyo akumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na bibi Aisha mara mbili, naye wakati huo amekwisha pita miaka 50. Mara ya kwanza alishinda bibi Aisha, na mara ya pili alishinda yeye.

Liko neno kubwa zaidi, nalo ni hili la "bila malipo". Msaada ambao serikali iliueneza nchi nzima mwaka 2020 kwa wazee waliofikia miaka 80 uliwekwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Anayemtoza mzee huyo shilingi 1,000 kila darasa amemtoa sabuni na chumvi. Basi na iwe bure kwa mzee. Lakini isidhaniwe kwamba kitu cha bure hakina gharama. Mwalimu ana nauli yake na shamba lake. Madarasa mengi ya hisani huanza kwa shangwe, fulana zikagawiwa na picha zikapigwa, na baada ya miezi 3 kiwanja kikarudi kuwa cha mbuzi. Hayauawi na uadui; huuawa na msimu wa kupanda, na mwalimu mmoja aliyechoka. Dawa yake ni walimu wawili kwa kila kijiji, mmoja akikosa mwingine asimame. Nauli yao itolewe na vijana wenye mishahara, kila mtu kidogo. Na saa iwe baada ya alasiri, wakati jembe limekwisha wekwa chini. Mvua ikinyesha, ukumbi wa madrasa uko wazi. Darasa likikutana watu 4 tu, na liendelee na hao 4.

Na uwepo uangalifu. Kabla ya kuanza, kila mzee apimwe presha ya damu na aulizwe kama ana maumivu ya kifua, kizunguzungu au kisukari. Mwenye hayo aende kwanza kwa mganga wa zahanati, naye huenda akamruhusu kwa masharti. Baada ya kulala au kukaa muda mrefu mtu asiinuke kwa ghafula. Pasiwe na mashindano kati ya mwenye miaka 60 na mwenye miaka 80. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yawe mepesi na yafanywe baada ya kufuturu, na mwenye kutumia dawa za kisukari amwulize daktari mapema, katika Shaabani.

Waliobaki ni wana na wajukuu, ambao hawatakuja darasani lakini ndio wenye nyumba. Siku za darasa wasimpe mzee kazi ya kumlinda mtoto. Wakirudi naye nyumbani wampe kiti kisicho chini sana, wafagie kamba na mawe njiani mwa choo, waache taa usiku. Na bibi akiinuka kuchukua ndoo, mjukuu asimpokonye. Ajaze ndoo ndogo nusu, na atembee naye.