Ukumbi Mmoja, Mitaa Sita

Mazungumzo ya mjumbe wa elimu wa Kamati ya Wakazi, yaliyotolewa Nakivale katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kamati iliniomba niseme machache juu ya utoto wetu huko nyumbani na faida tuliyoipata katika vituo vya mtaa. Nimekubali kwa furaha, lakini sikuja kusimulia tu. Wote tunajua kwamba wiki ijayo Kamati itaamua juu ya ratiba ya ukumbi wa vijana wa zoni yetu. Tangu vijana walipopigana kwa ajili ya mpira, limeletwa pendekezo kwamba kila taifa lipewe siku yake: Jumatatu Wakongo, Jumanne Warundi, Jumatano Wanyarwanda, Alhamisi Wasomali, Ijumaa Waethiopia na Waeritrea. Walioleta pendekezo hilo wana nia njema. Wamechoka kuamua ugomvi kila jioni. Mimi nalipinga, na sababu zangu nilizipata Kamenge.

Mimi ni mzaliwa wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Upande ule wa mji ulikuwa na mitaa sita: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. Kabla ya vita watu walikuwa wamechanganyika. Kisha Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na mji ukaanza kukatwa vipande. Kamenge na Kinama zikahesabiwa kuwa za Wahutu, Ngagara na Cibitoke za Watutsi. Ng'ambo moja kulikuwa na makundi ya vijana yaliyojiita Sans Echec, ng'ambo ya pili nako kulikuwa na vijana wenye silaha. Ilikuwa barabara moja tu, lakini kuivuka ilikuwa kama kuvuka mpaka wa nchi. Mwezi Juni 1995 Kamenge ilipigwa, watu wakatawanyika milimani, na wengine wakavuka kwenda Zaire. Sisi tulilala milimani. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa kuta bila mabati.

Hapo Kamenge, katikati ya mambo hayo, palikuwa na kituo cha vijana, Centre Jeunes Kamenge. Kilianzishwa na mapadri Wasaveriani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati hakuna aliyejua yatakayokuja. Nia yao tangu mwanzo ilikuwa vijana wa mitaa yote ya kaskazini, si wa mtaa mmoja wala wa dini moja. Waislamu walikuja, Waprotestanti walikuja. Palikuwa na viwanja vya michezo, maktaba na masomo ya lugha.

Mimi nilipelekwa na dada yangu mkubwa. Mama alikataa. Alisema hivi: "Ukitaka kucheza, cheza hapa uani nikuone." Dada akamjibu kwamba uani hakuna vitabu. Nadhani hiyo ndiyo iliyomshinda mama, maana yeye hakusoma na aliheshimu sana kitabu.

Siku za kwanza hatukupendana, na asiwadanganye mtu. Wasichana wa Cibitoke walikaa kwenye ukuta wao, nasi tulikaa kwenye wetu. Hakuna aliyetuambia tukumbatiane. Lakini mpira wa kikapu unataka watu watano, na sisi wa Kinama siku ile tulikuwa watatu. Basi tukawaita wawili kutoka ukuta wa pili, kwa shingo upande. Mmoja wao alikuwa mrefu, anafunga kutoka mbali. Baada ya wiki mbili tulikuwa tunagombania awe upande wetu. Hata leo sijui nani alimlinda njiani siku alipochelewa na jua likawa limetua, ila najua kwamba kaka zetu wa Kinama ndio waliotoka naye hadi barabarani.

Maktaba nayo ilifanya kazi yake kimya kimya. Kitabu cha hesabu cha darasa letu kilikuwa kimoja au viwili, wanaokitaka kumi. Ukitaka kukisoma, lazima ukae bega kwa bega na mwenzako na kumngojea amalize ukurasa. Nilijua mkono wa kila mmoja kabla sijajua jina la baba yake.

Na zile kambi za kazi wakati wa likizo! Tulifyatua matofali ya udongo kwa ajili ya nyumba zilizobomolewa. Mmoja anachota maji, mmoja anakanyaga udongo, mmoja anashika kalibu, na mwingine anapanga tofali juani. Jioni wote mna rangi moja ya tope. Nimewahi kufyatua matofali ya nyumba ya familia ambayo kaka yangu alikuwa ameapa hatawasalimu. Sikumwambia. Alijua mwenyewe baadaye, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa hatua kubwa kuliko mnavyofikiri.

Sisemi kwamba kituo kilizuia vita. Wapo niliocheza nao ambao baadaye walishika bunduki, na wapo waliokufa. Vita viliendelea hata baada ya mapatano ya Arusha ya Agosti 2000. Lakini mwaka 2002 kituo kile kilipewa tuzo ya Right Livelihood kule Uswidi, kwa sababu ya kuwaweka pamoja vijana ambao nchi nzima ilikuwa inawatenganisha. Mwaka huo nilikuwa mtu mzima tayari. Tuliposikia habari hiyo tulicheka kwanza, maana kwetu palikuwa mahali pa kuchezea mpira tu.

Mwaka 2015 tulipokimbia tena, wengi walitabiri kwamba Warundi watakatana kwa makabila kama zamani. Kanuni za kambi zinatukataza siasa nami naziheshimu, kwa hiyo nitasema neno moja tu: katika basi lililonileta mpakani, Wahutu na Watutsi tulikuwa tumekaa kiti kimoja, tukigawana ndizi, na hakuna aliyeshangaa. Siwezi kusema sababu ni kituo kimoja. Hata hivyo, kati ya watu wa basi lile wanne walikuwa wamepita Kamenge, na tulitambuana.

Sasa nirudi kwenye ratiba yetu.

Ukiweka siku ya kila taifa, utapata utulivu kwa mwezi mmoja. Ndiyo. Hata Bujumbura mwaka 1995 kila mtaa ulikuwa na utulivu wake ndani, na hatari ilikuwa barabarani. Halafu nawauliza walioandika pendekezo: mtoto wa jirani yangu, baba Mushi wa Bukavu na mama Mrundi wa Bwiza, aje siku gani? Hiyo Jumatatu ya Wakongo, mnadhani wote wanaotoka Kivu wanasalimiana? Tukianza kugawa hatutajua pa kuishia. Kambi hii imepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja ndugu zetu wa Rwanda. Watoto waliozaliwa hapa kwa wazazi wa mataifa mawili ni wengi, nao hawana siku katika ratiba ile.

Mimi napendekeza tugawe kwa kazi. Kuwe na saa za mpira, saa za cherehani, saa za kusoma, na saa za wasichana peke yao, kwa sababu kwa hali ya sasa wasichana hawaingii kabisa, na hilo hatulisemi. Timu zipangwe kwa kuokota karatasi kutoka kwenye kofia, zichanganyike kila wiki. Tuanze na darasa la Kiingereza. Watoto wetu waliosoma kwa Kifaransa Kongo na Burundi wanarudishwa madarasa ya chini hapa Uganda kwa sababu ya lugha tu, na katika Kiingereza Mkongo na Mrundi wanaanzia sifuri pamoja. Kiswahili tunacho cha kuelezana.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi dogo. Semina ya amani ya siku mbili ni nzuri, na soda tunaishukuru. Lakini semina ikiisha ukumbi unapigwa kufuli, na ufunguo unaondoka na gari saa kumi na moja jioni, saa ile ile vijana wanaporudi kutoka shambani. Jumamosi hakuna kitu. Tunaomba ufunguo mmoja ukae kwa Kamati, na watu wawili wa mataifa tofauti wautie sahihi katika daftari kila jioni. Kikipotea kitu, tutajibu sisi. Tena tunaomba mipira miwili na sindano za cherehani, kwa sababu zile tatu tulizopewa zimekwisha kuvunjika.

Ukumbi wenyewe unavuja upande wa mashariki, na ukuta mmoja umeanza kumeguka. Kalibu ninayo, nimetengenezewa na fundi wa Rubondo. Maji yapo, udongo upo. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa hapo nyuma ya ukumbi. Nahitaji watu wanne wa kuchota maji, na nitafurahi wakiwa hawafahamiani.