Tairi Huliwa na Mkono wa Dereva

Ndugu zetu waendesha pikipiki wa Musoma, Bunda na Butiama, na ninyi nyote mliohitimu kisomo, leo tuzungumze habari ya tairi.

Mara nyingi tunakaa kijiweni tukilalamika. "Matairi ya siku hizi hayadumu!" "Changarawe imetumaliza!" Ni kweli, changarawe inakwaruza, na matairi hafifu yapo madukani. Lakini tujiulize. Pikipiki mbili zimefungwa matairi ya aina moja, siku moja. Zote zinapita njia ile ile ya Makutano hadi Butiama. Mbona moja inakuwa kipara mapema, na nyingine bado ina kashata? Njia ni moja. Tofauti ni mkono na mguu wa dereva.

Kwanza, resi. Tairi la nyuma ndilo linalosukuma pikipiki, tena ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wa abiria na mzigo. Ukikamua resi ghafla, gurudumu linateleza kidogo kabla pikipiki haijaondoka. Huko kuteleza ni sawa na kusugua mpira kwenye jiwe la kunolea. Ondoka polepole, ndipo uongeze mwendo.

Pili, breki. Wengi wetu tunakanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu. Gurudumu linajifunga na kuburuzwa. Linalika mahali pamoja, linafanya bapa. Tumia breki zote mbili pamoja, taratibu. Penye changarawe au mchanga, breki ya mbele ibonyeze kwa uangalifu sana, na usukani uwe umenyooka. Ukiona tuta, achia resi mapema, injini yenyewe ikupunguzie mwendo. Mkumbuke kwamba mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya kusimama inakuwa mara nne. Kazi hiyo yote inafanywa na vipande vidogo vya mpira vinavyogusa ardhi.

Tatu, mzigo na upepo. Upepo ndio unaobeba mzigo, si mpira peke yake. Upepo ukiwa mdogo, tairi linajikunja, linapata joto, na kingo zake zinalika. Upepo ukizidi, linalika katikati tu. Pima asubuhi, tairi likiwa bado baridi, na upime kwa kipimo. Kupiga teke si kupima! Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Na mshikaki tuuache. Abiria ni mmoja.

Sisi wenyewe tuliwahi kupuuza. Tulipakia magunia ya dagaa Musoma, upepo ukiwa mdogo, tukaenda mbio. Kabla ya kufika Bunda tyubu ilisogea ndani ya tairi, ikachanika penye valvu. Tulisukuma pikipiki juani. Tulipofika, wanunuzi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Sasa tutumie hesabu tuliyojifunza. Tuseme tairi ni shilingi 60,000. Likidumu siku 100, kila siku umetumia shilingi 600. Likidumu siku 200, umetumia shilingi 300. Hizo 300 za kila siku, kwa siku 200, ni shilingi 60,000. Ni tairi zima! Na kumbukeni, tajiri wa pikipiki hapunguzi hesabu yake kwa sababu tairi limekwisha.

Lakini fedha si kitu kikubwa kuliko uhai. Mifereji ya tairi inatoa maji chini ya gurudumu. Tairi kipara kwenye lami yenye mvua halina cha kushikia. Nyuma yako labda umempakia mama anayewahi zahanati, au mgeni anayekwenda Butiama kuona kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa huko mwaka 1999. Wamekukabidhi roho zao. Basi angalia ndani ya mifereji. Matairi mengi yana vinundu vidogo humo, na ubavuni pameandikwa TWI. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, usingoje kesho. Badilisha. Na tairi jipya nalo lina utelezi. Liendeshe kwa upole kilomita 150 za kwanza, usilale sana kwenye kona.

Ndugu zetu, tunawaomba jambo moja. Nunueni daftari dogo. Andika siku uliyofunga tairi, bei yake, na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Likiisha, andika tena. Kisha jirekebishe: resi polepole, breki taratibu, upepo kila asubuhi. Linganisha tairi la kwanza na la pili. Daftari litakuambia kama aliyekula tairi ni barabara, au ni wewe.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kusoma na kuandika tunajua. Tusiache elimu hiyo nyumbani tunapopanda pikipiki.