Saratani ya Tezi Dume: Tusimwache Mtu Nje ya Mlango

(Maneno tuliyosema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Juja)



Tumezoea kuja hapa kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mchango wa mzunguko. Leo tumekuja na jambo linaloonewa haya mara mbili. Haya ya kwanza ni ya ugonjwa wenyewe, maana uko chini ya kitovu. Haya ya pili ni ya mgonjwa ambaye hana mke, na ambaye moyo wake uko kwa mwanamume mwenzake. Tuvumiliane. Tukimaliza mtauliza.

Kwanza ugonjwa. Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, nayo huuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume akizeeka tezi hii huweza kuvimba tu, na huweza pia kushikwa na saratani. Hapa Kenya ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi. Sisi weusi tumo hatarini kuliko wengine: huko Uingereza mwanamume mmoja kati ya 8 huipata maishani, lakini kwa wanaume weusi ni mmoja kati ya 4. Ukiwa na baba au ndugu aliyeugua, uwe macho mapema. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni haiumi. Mkojo dhaifu, kuamka usiku mara nyingi, damu, maumivu ya mgongo na nyonga, hayo huenda yakaja wakati imekwisha kuenea. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa PSA.

Tena, saratani hii haiambukizwi. Hakuna aliyeipata kwa sababu ya mtu aliyelala naye.

Sasa tuwaambie kosa letu. Kikundini mwetu kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa kulipa mchango wake kabla ya siku. Alikuwa akiishi nyumba ya kupanga na rafiki yake, miaka mingi. Sisi tulisema ni ndugu yake, na hakuna aliyeuliza zaidi. Halafu akaacha kuja. Mara ya kwanza tukanyamaza, mara ya tatu tukampiga faini, kama katiba yetu inavyosema. Tukawatuma watu watatu waende wakamdai.

Walikuta kamba ya nguo imejaa vitambaa vilivyokatwa kutoka shuka kuukuu. Mzee alikuwa amepasuliwa tezi dume, na mkojo ulikuwa ukimtoka wenyewe. Aliogopa kuketi kwenye viti vyetu akaacha alama. Hata kanisani alikuwa haendi.

Rafiki yake ndiye aliyetueleza mengine. Hospitali moja walikokwenda waliambiwa, "Mzee, siku ijayo mlete mama tuwaeleze pamoja." Mzee akasema mama hayuko. Basi akaelezwa peke yake, na yule aliyekuwa akimpikia, akimfulia na kumshika mkono kwenye matatu akaachwa kwenye benchi la nje. Mambo ya kupasuliwa, ya nguvu za kiume kupungua, ya kuvuja mkojo, mzee aliyasikia akiwa amechanganyikiwa, akayasahau nusu. Maswali yaliyomhusu hasa hakuthubutu kuyauliza.

Kwa nini hakuthubutu? Mnajua. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinatisha kwa kifungo, na Mahakama Kuu ilivikubali mwaka 2019. Mtu anaogopa kwamba neno moja kwa daktari litafika kwa mwenye nyumba, kisha kwa mzee wa mtaa. Lakini Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bora kadiri inavyowezekana. Haikuandika "kila mtu aliyeoa". Wala hakuna sheria inayotukataza kumtembelea mgonjwa.

Tulifanya nini basi? Faini tuliifuta. Kisha tukamwomba mjane mmoja wa kikundi chetu, mwanamume aliyepasuliwa vivyo hivyo miaka iliyopita, aende amwone. Alisitasita. Akasema, "Mimi mambo yao siyajui." Tukamwambia, ya mkojo unayajua. Akaenda.

Alimfundisha kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, akaze, alegeze, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Alimwambia kwamba kwa wengi kuvuja hupungua miezi ikipita. Alimwambia pia yeye mwenyewe alilia gizani, jambo ambalo sisi hatukupata kulisikia kwake. Daktari hakuwa ameyasema hayo, na labda asingeweza. Hiyo ndiyo faida ya mtu aliyepita njia ile ile.

Wenzetu wa nje walikwisha kuligundua hili. New York kuna shirika liitwalo Malecare, na Manchester kuna kikundi cha Out with Prostate Cancer, ambako wanaume wa namna hii hukutana na kusaidiana. Wana maswali ambayo kwa wengine hayapo. Kwa mfano, anayeingiliwa kwa nyuma hushauriwa akae wiki moja bila tendo hilo kabla ya kupimwa PSA, maana kipimo kinaweza kudanganya. Miale nayo huweza kuumiza utumbo wa nyuma. Na aliyezaliwa mwanamume akaishi kama mwanamke, tezi dume bado anayo. Nani atamwambia, kama hakuna anayeweza kumwuliza?

Sisi wa Juja hatuna kikundi kama hicho, na hatukuja kuwaomba mkianzishe kesho. Wala hatukuja kubishana juu ya mafundisho ya kanisa. Tunaomba mambo manne mnayoyaweza.

Moja, mtu akikosa mikutano miwili, aende mtu mmoja kumjulia hali kabla ya faini.

Pili, mgonjwa achague mwenyewe wa kumsindikiza kliniki, iwe Thika Level 5 au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tusimwulize ni nani wake. Tumkumbushe kujiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Tatu, siri. Yaliyosemwa kitandani yasifike sokoni. Katika jambo hili ulimi mmoja unaweza kumfukuzisha mtu nyumba.

Nne, mfuko wa wagonjwa ununue pedi za watu wazima bila kutaja jina kwenye kitabu. Andikeni "mgonjwa", inatosha.

Mzee wetu amerudi. Huketi karibu na mlango, na rafiki yake huketi kando yake. Mchango analipa kabla ya siku, kama zamani.

Maswali ya kujadili kikundini
1. Nani ameacha kuja kwetu, na tunajua sababu?
2. Kuna mzee kati yetu aliyeugua tezi dume, aliye tayari kumtembelea mwenzake, awe nani?
3. Mgonjwa akitueleza siri, tutailinda vipi?